Betri iliyokufa huenda kwa anayelipa zaidi: uchumi wa kudhibiti taka zenye sumu

Mwenye betri ya gari iliyokufa mjini Nakuru, Kenya, hahitaji kutafuta wa kuichukua. Mnunuzi wa vyuma chakavu atampata mwenyewe, ataipima kwa kilo na kulipa papo hapo. Mwenye chupa tupu ya dawa ya viazi kule Molo hana anayemuuliza. Betri na chupa zote zina sumu, na zote zinaangukia chini ya sheria zilezile za taka hatari. Kinachozitenganisha ni bei: betri inamlipa anayeiachia, ilhali chupa inamgharimu anayetaka kuiondoa kihalali. Sehemu kubwa ya kushindwa kwa udhibiti wa taka zenye sumu hutokana na kanuni zilizoandikwa kana kwamba bei hiyo haipo.

Nadharia inayofundishwa vyuoni ni rahisi. Mwanauchumi Mwingereza Arthur Pigou alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mzalishaji anapowaachia wengine sehemu ya gharama zake, kama moshi, maji machafu au magonjwa, atazalisha kupita kiasi, kwa sababu bei anayoiona yeye ni ndogo kuliko bei halisi. Dawa yake ni kodi inayolingana na madhara. Kwa bomba la moshi lenye kipimo juu yake, hesabu hiyo inaenda vizuri.

Kwa taka zenye sumu inakwama mahali pamoja: tendo lenyewe la kudhuru halionekani. Anayemwaga pipa la oili chafu usiku kwenye mto Auji, pale Nyalenda mjini Kisumu, hatoi risiti. Kinachoonekana ni njia halali: lori lenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, hati ya kufuatilia mzigo kama zinavyotaka kanuni za usimamizi wa taka, na kiwanda chenye ukaguzi. Basi kila ada, kila kibali na kila ukaguzi hudondoka kwenye njia halali, maana ndiyo inayoweza kutozwa. Njia haramu inabaki na bei yake ya zamani. Pengo kati ya hizo mbili likikua, mzigo unahama.

Hesabu ya betri moja

Betri ya kawaida ya gari dogo ina uzito wa kati ya kilo 12 na 18, na karibu asilimia 60 ya uzito huo ni madini ya risasi na misombo yake. Tuchukue ya kilo 15: ndani yake kuna takriban kilo 9 za risasi. Tukiweka bei ya soko la London kuwa dola 2,000 kwa tani, na dola moja kuwa shilingi 130, risasi hiyo ina thamani ya karibu shilingi 2,340. Hiyo ndiyo keki nzima. Kila mtu kuanzia gereji hadi kiwandani anakula humo.

Kiwanda chenye leseni kinakata gharama nyingi kabla ya kutaja bei langoni. Kuna vichujio vya kunasa vumbi na mvuke wa risasi, mtambo wa kutibu asidi, mahali pa kuweka masalio ya tanuru ambayo nayo ni taka hatari, vipimo vya damu vya wafanyakazi, kodi, na umeme. Mwenye tanuru ya uani ana makaa, feni na sufuria ya chuma. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu za selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa linalipita bila taabu. Huyu wa uani hupoteza risasi nyingi zaidi, inayopaa na moshi au kubaki kwenye masalio, kwa hiyo kiufundi ni mzalishaji duni. Lakini halipii kusafisha chochote, na mara nyingi ndiye anayeweza kutaja bei nzuri zaidi kwa kilo. Betri hazina uzalendo, zinamfuata yeye.

Tuseme serikali inaamua kuwa mkali na kuongeza masharti kwa viwanda vyenye leseni pekee, kwa sababu ndivyo vyenye anwani. Gharama yao inapanda, na bei wanayoweza kulipa langoni inashuka. Mnunuzi wa vyuma wa soko la Kibuye mjini Kisumu, ambaye jana aliona ina maana kusafirisha mzigo kilomita 350 hadi Nairobi, leo anauza kwa mtu wa jirani. Kanuni imebana, na moshi wa risasi mitaani umeongezeka. Matokeo haya yanatabirika kwa kalamu na karatasi, na bado hurudiwa nchi baada ya nchi.

Kuna tundu jingine dogo lenye madhara makubwa, nalo liko kwenye mizani. Betri iliyojaa chaji ina lita 4 hadi 5 za maji ya asidi, karibu thuluthi moja ya uzito wake wote. Mnunuzi hataki kulipia maji, basi hununua betri kavu, au hukata kilo kadhaa kwa ile iliyojaa. Muuzaji anaelewa haraka: anaipindua nyuma ya kibanda, asidi inaingia udongoni ikiwa na risasi iliyoyeyuka na vumbi la sahani za risasi za ndani ya betri, kisha anaipeleka mizanini. Hakuna aliyemwamuru amwage. Mizani ndiyo iliyomwelekeza. Kuzima asidi ya betri moja yenye chaji kunahitaji karibu kilo moja na nusu ya chokaa iliyozimwa, kiasi ambacho si ghali, ila tope linalobaki lina risasi, na tope hilo ndilo lenye gharama. Kwa hiyo ushauri wa kumwambia fundi amwagie chokaa na kuondoka ni nusu ya ushauri. Betri inatakiwa isafiri ikiwa nzima, imesimama, vifuniko vimefungwa, juu ya mbao, na kibandiko cha bei kiseme "kwa betri nzima yenye maji yake", wala si kwa kilo kavu.

Anayelipia yote haya mara nyingi ni mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hufyonza risasi wanayoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima. Vumbi huingia nyumbani kwa nguo za kazi za baba. Hasara yake ni uwezo wa kujifunza uliopungua, na kipato kilichopungua miaka 20 baadaye, bila mtu kumkumbuka yule fundi. Madhara yanayochelewa hivi hayana mlalamikaji siku ya kitendo, na soko halina njia ya kuyasikia.

Faini kubwa na nafasi ndogo ya kukamatwa

Jibu la kawaida la wanasiasa ni faini. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 ilikuja na faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Lakini mtu anayepiga hesabu hatazami faini peke yake. Anaizidisha kwa uwezekano wa kukamatwa na kuhukumiwa. Faini ya milioni 2 yenye nafasi moja kati ya 1,000 ya kukupata ni sawa na ada ya shilingi 2,000. Kama kuondoa pipa lako kihalali kunagharimu shilingi 4,000, kumwaga bado ni rahisi kwa nusu.

Mbona basi mifuko ilipungua kweli madukani? Kwa sababu mfuko unaonekana. Askari akisimama mlangoni mwa soko anauona mkononi, na muuza duka hawezi kuuficha. Marufuku hufanya kazi pale kitu chenyewe kinapoonekana, kinapopitia milango michache, na kinapokuwa na mbadala wa bei inayokaribiana. Oili chafu haina hata sifa moja kati ya hizo tatu.

Faini kubwa ina kasoro nyingine: inamtisha aliye na kitu cha kupoteza. Mwenye tanuru ya kukodi, asiye na ardhi wala akaunti yenye pesa, akidaiwa milioni 10 au milioni 100 ni mamoja kwake. Kampuni ndogo nayo inaweza kufungwa na wenyewe kufungua nyingine. Kesi ya kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, inaonyesha ukubwa wa pengo hili. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi pale mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kwa kuwa taasisi za umma, NEMA ikiwemo, zilionekana kuzembea, sehemu ya mzigo ikaangukia serikali, yaani mlipa kodi. Rufaa zilifika Mahakama ya Juu, iliyorejesha fidia hiyo Desemba 2024. Hesabu miaka kati ya moshi wa kwanza na hukumu ya mwisho.

Ndiyo maana wachumi husisitiza dhamana ya mapema. Anayeomba leseni ya kuyeyusha, kuhifadhi au kuchoma taka hatari aweke pesa au bima mezani kabla ya kuanza, zirudishwe atakapoondoka na udongo kupimwa. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inaruhusu kudai dhamana za namna hii. Ugumu ni kiasi: ikiwa ndogo haimshtui mtu, na ikiwa kubwa inawafukuza wadogo kwenye leseni na kuwarudisha uani, tukarudi palepale pa hesabu ya betri.

Zebaki haina risiti

Migori, Kakamega, Vihiga na Siaya zina tatizo la aina nyingine. Mchimbaji mdogo wa dhahabu anasaga mawe, anapitisha tope kwenye mteremko wenye mazulia, kisha mara nyingi mama wa kuosha huchanganya mchanga mzito na zebaki kwa mkono kwenye karai. Zebaki inashika dhahabu, wanaikamua kwa kitambaa, linabaki donge ambalo karibu nusu yake ni zebaki. Donge linachomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 na kupaa karibu yote, dhahabu inabaki. Kwa gramu moja ya dhahabu, takriban gramu moja ya zebaki huingia hewani, na pale wanapomwaga zebaki kwenye jiwe zima lililosagwa bila kulichuja kwanza, upotevu ni mkubwa mara kadhaa. Duniani, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa zaidi cha zebaki inayoingia hewani kutokana na shughuli za binadamu, karibu asilimia 38 kwa makadirio ya mwaka 2015.

Kwa nini wasitozwe kodi? Kwanza, gramu ya dhahabu imepita shilingi 10,000 kwenye soko la dunia, na zebaki ni sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Bei ya zebaki ikipanda mara mbili, mchimbaji hashtuki. Pili, na hili ndilo husahaulika mezani Nairobi, mara nyingi mchimbaji hanunui zebaki kabisa. Mnunuzi wa dhahabu humpa bure au kwa mkopo, kwa sharti kwamba dhahabu itauzwa kwake. Bei anayoiona mchimbaji ni sifuri, na deni ndilo linalomfunga. Kodi yoyote itamezwa na dalali, kisha itarudi kwa mchimbaji ikiwa imejificha ndani ya bei ya dhahabu.

Dunia imeshajaribu kubana upande wa usambazaji. Umoja wa Ulaya ulizuia kuuza zebaki nje mwaka 2011, Marekani ikafuata mwaka 2013. Bei ilipanda, na kupanda kwenyewe kukafanya uchimbaji wa zebaki ulipe tena nchini Mexico na Indonesia. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti zebaki yaliyoanza kutumika Agosti 2017, haukupiga marufuku zebaki kwa mchimbaji mdogo moja kwa moja. Ulichagua kuondoa kwanza matendo mabaya zaidi: kuchanganya zebaki na jiwe zima, kuchoma donge wazi, kuchomea kwenye makazi ya watu, na kutia sayanidi kwenye mchanga ambao bado una zebaki. Nadhani mpangilio huo ni wa busara, kwa sababu unalenga gramu nyingi kwa shilingi chache.

Kifaa cha kunasa mvuke, kilichotengenezwa kwa mabomba ya chuma ya kawaida, kinaweza kurudisha hadi asilimia 95 ya zebaki. Vimegawiwa katika nchi nyingi, na vingi vimelala kabatini. Sababu ni za soko tupu. Kinachukua muda mrefu, na mwenye dhahabu haioni ikiiva, basi anaogopa kuibiwa. Dhahabu hutoka ikiwa na rangi ya kahawia, na dalali huitumia rangi hiyo kushusha bei. Zebaki anayoiokoa ni ya dalali, au ni ya bei ndogo. Mpango unaogawa vifaa bila kumgusa mnunuzi wa dhahabu unatibu mkono usiougua. Mahali penye nafuu ni kwenye leseni ya mnunuzi: alipe bei moja kwa rangi zote, na asiruhusiwe kuchomea dukani.

Oili na chupa, kwa ufupi

Injini ya gari dogo hutoa lita 4 hivi za oili chafu, lori mara kadhaa zaidi. Gereji huuza mapipa kwa wanaochoma kwenye matanuru na kwa wanaopaka nguzo zisiliwe na mchwa. Bei yake inaelea karibu na sifuri, na hapo ndipo ruzuku ndogo hubadilisha mengi, kwa sababu hakuna mshindani tajiri wa kumpiku. Tatizo ni kukusanya: gereji yenye pipa moja haiwezi kukodi lori lenye leseni. Kituo kimoja cha kukusanyia kwa kila eneo la mafundi, chenye sakafu ya saruji, ukingo na paa, kina faida kuliko warsha kumi za uhamasishaji.

Chupa za dawa za shambani zina suluhisho linalojilipa lenyewe kwa kiasi. Mimina maji robo ya chupa, funga, tikisa kwa nusu dakika, mwaga ndani ya bomba la kunyunyizia, rudia mara tatu, kisha toboa chupa. Mkulima anapata matone ya mwisho ya dawa aliyoilipia, na chupa inapungua hatari kiasi cha kuweza kushughulikiwa kama plastiki ya kawaida. Lazima ifanyike papo hapo shambani. Dawa ikishakauka, haioshiki.

Wapi mipaka ya marufuku

Kuna sumu ambazo bei si chombo chake. Mwaka 1974 mchumi Martin Weitzman alionyesha kwamba pale madhara yanapopanda kwa kasi kila kiasi kinapoongezeka, ni heri kuweka kikomo cha kiasi kuliko kuweka bei na kusubiri kuona watu watatoa kiasi gani. Ziwa Nakuru linasaidia kuelewa. Halina mto unaotoka. Kinachoingia kwa mto Njoro au kwa mitaro ya mji, kama ni metali, hubaki kwenye tope lake. Uchafu unaooza hupungua ukiacha kuuleta, lakini risasi na zebaki hujumlishwa. Kodi "ya wastani" kwa bonde lisilo na mlango wa kutokea ni kamari, kwa sababu kosa la mwaka mmoja halifutwi na mwaka unaofuata.

Hesabu ya faida na hasara nayo ina hila yake. Desemba 1991, waraka wa ndani wa Benki ya Dunia uliobeba jina la Lawrence Summers, mchumi mkuu wake wakati huo, ulitoa hoja kwamba, kwa kupima gharama ya afya kwa mishahara inayopotea, taka zenye sumu zingepaswa kupelekwa nchi zenye mishahara midogo. Baadaye ilielezwa kuwa yalikuwa maneno ya kejeli. Kejeli au la, hesabu hiyohiyo hufanywa kimyakimya ndani ya miji yetu kila jaa au tanuru linapotafutiwa mahali: ardhi ya bei rahisi, watu wasio na wakili. Ukipima maisha kwa kipato, jaa litapelekwa Bondeni, mtaa wa wenye kipato kidogo, kila mara, wala si Milimani kwa matajiri. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya mazingira safi bila kutaja mshahara wake, na hapo ndipo hesabu inapaswa kuwekewa ukuta.

Amana: nani alipe, nani arudishiwe

Tukirudi kwa betri, chombo kinacholingana na tatizo ni amana: unatoza kitu kinapoingia, ambapo kinaonekana, na unarudisha pesa kinaporudi, ili anayekileta ajitokeze mwenyewe. Hakuna haja ya kumvizia anayemwaga usiku. Majimbo mengi ya Marekani hutoza amana ya takriban dola 10 kwa betri ya gari, na karibu betri zote hurudi.

Tozo ya mazingira iliyokuwa kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, ulioondolewa Juni mwaka huo baada ya maandamano, ilikuwa na nusu ya kwanza tu ya wazo hili. Ingetoza mlangoni, isingemrudishia kitu aliyeleta taka. Kiuchumi hiyo ni kodi ya kawaida yenye jina la kijani, na watu waliisoma hivyo. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022, inayomwajibisha mzalishaji na mwagizaji kwa bidhaa hadi mwisho wake, inaacha nafasi ya kufanya nusu ya pili.

Kiasi kinakokotolewa kutoka pengo la bei. Tuseme kiwanda safi kinaweza kulipa shilingi 100 kwa kilo, na tanuru ya uani inalipa 120. Kwa betri ya kilo 15, pengo ni shilingi 300. Amana ya 500 inaziba pengo na kubakiza 200 za usafiri na kituo cha kukusanyia. Ikiwa 250, haitasaidia kitu. Itozwe kwa kilo, kwa sababu betri ya boda boda ya kilo 2 ikibebeshwa 500 itauzwa kwa magendo. Itozwe pia kwa magari yaliyotumika yanayoingia Mombasa, kwa kuwa kila moja lina betri ndani yake ambayo haikupitia duka lolote. Na malipo yafanyike kwa betri nzima yenye maji yake, pesa zitumwe kwa simu kwa aliyeileta, la sivyo asidi itaendelea kumwagwa nyuma ya vibanda.

Kwa kaunti za magharibi kuna shida ambayo Nairobi haitaihisi. Kenya ikirudishia shilingi 500 na Uganda isirudishe kitu, betri zilizokufa za Mbale na Tororo zitavuka Busia na Malaba kudai amana ambayo haikuwahi kulipwa, na mfuko utakauka. Njia ya kuziba ni muhuri wa nambari unaochomwa kwenye plastiki ya betri siku amana inapolipwa, usiobanduka kama karatasi, na kituo kilipe kwa nambari iliyo kwenye orodha pekee. Betri za zamani zisizo na muhuri zitakuwa sokoni kwa miaka kadhaa bado. Hizo zinunuliwe kwa bei ya risasi tu, bila amana, na watu waelezwe hivyo tangu siku ya kwanza.